Saruji Chini ya Magunia Mabichi: Tahakiki ya Lugha ya Mwongozo Mmoja wa Uashi

Miongoni mwa miswada inayoletwa mezani petu ili ikaguliwe lugha kabla ya kupigwa chapa, umo mmoja unaohusu manufaa na matumizi ya uashi katika ujenzi wa nyumba. Ni tafsiri kutoka Kiingereza. Umekusudiwa walimu wa vyuo vya ufundi, mafundi wanaojiendeleza, na watumishi wa serikali ambao kazi yao ni kusimamia ujenzi wa madarasa, zahanati na nyumba za watumishi. Jina la mfasiri na la chombo kilichomwagiza sitalitaja, kwa kuwa nia ya makala haya si kumfedhehesha mtu, na kwa kuwa makosa nitakayoyaonyesha hayakuanza naye. Baadhi yake tumeyafanya sisi wenyewe tunaojiita watu wa istilahi.

Yapasa nianze na haki yake. Kiswahili cha mswada huu ni fasaha. Mfasiri hakuburuta sentensi za Kiingereza zikiwa zimevishwa kanzu tu, ameziunda upya. Pale ambapo kitabu asilia kilitoa mifano ya makanisa ya Ulaya, yeye ameweka Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na jumba la Husuni Kubwa, lililojengwa katika karne ya 14, akaeleza jinsi matumbawe yalivyotolewa baharini yakiwa bado laini, yakachongwa kwa ajili ya kibla na miimo ya milango kabla hayajawa magumu, na jinsi kuta zenyewe zilivyojengwa kwa mawe ya kuchimbwa nchi kavu na chokaa iliyochomwa papo hapo. Kurasa hizo nne ni nzuri kuliko za kitabu alichokifasiri. Anaeleza hata jambo ambalo wengi huliona bila kulifikiri: kwamba vyumba vya nyumba za kale za mwambao ni vyembamba na virefu kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, ambayo haizidi sana mita tatu. Ukuta ungaliweza kubeba zaidi. Boriti ndiyo haikufika.

Lakini mwongozo wa ufundi hausomwi kwa ajili ya ladha. Husomwa na mtu mwenye mwiko mkononi au kalamu juu ya hati ya manunuzi, naye hutenda kama alivyosoma. Ndiyo sababu nataka kukaa kwa kirefu juu ya neno moja, yaani saruji.

Katika sura ya tatu ya mswada tunasoma: “Changanya saruji sehemu moja kwa mchanga sehemu sita.” Hapa hapana tatizo. Kurasa mbili mbele tunaambiwa: “Usitumie saruji iliyokaa zaidi ya saa moja.” Na katika sura ya tano: “Baada ya kumimina, funika saruji kwa magunia yaliyoloweshwa, na uyaloweshe tena kila siku kwa muda wa siku saba.”

Mwashi mzoefu atacheka na kuendelea na kazi, kwani anajua kwamba saruji ya kwanza ni ule unga wa kijivu, ya pili ni ule mchanganyiko wa kushikamanishia matofali, na ya tatu ni zege. Kiingereza kilikuwa na maneno matatu. Tafsiri imebakiwa na moja. Sasa mfikirie mtunza ghala wa halmashauri aliyepewa mwongozo huu pamoja na mifuko 200. Ameagizwa kutupa saruji iliyokaa zaidi ya saa moja. Ameagizwa, kwa Kiswahili safi kisicho na kosa hata moja la sarufi, kuifunika saruji kwa magunia mabichi kwa juma zima. Akitii, ataikuta mifuko yote imekuwa mawe, wala hatakuwa na la kujibu mbele ya mkaguzi ila kwamba alifuata kitabu.

Kosa hili lina historia, na historia yake inamtetea mfasiri kwa kiasi fulani. Saruji si neno lililozaliwa pamoja na mfuko wa kilo 50. Ng'ambo ya bahari, huko Omani, neno hilohilo ni jina la mchanganyiko wa udongo uliochomwa, ukasagwa na kutiwa chokaa, ambao kwa karne nyingi umetumiwa kujengea mifereji ya maji na ngome kwa kuwa hushika hata penye unyevu. Yaani asili yake neno hili lilitaja kishikizo, kitu kilichokwisha changanywa, wala si unga. Saruji tuijuayo leo ni kitu kingine. Mwingereza Joseph Aspdin aliipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1824, nasi hapa Tanzania tulianza kuitengeneza wenyewe mwaka 1966 katika kiwanda cha Wazo Hill. Bidhaa mpya ikachukua jina la kale, kama ilivyo desturi, na jina la kale likabaki na kivuli cha maana yake ya mwanzo. Hivyo mtu wa Pwani aliyesema “saruji” kwa maana ya mchanganyiko hakukosea hata kidogo, na Kamusi ya Kiswahili haina haki ya kumsahihisha. Ila sisi tunaoandika miongozo tunapaswa kuchagua.

Wala hili si suala la mifuko peke yake. Wale wanaokarabati majumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar wanalijua kwa uchungu. Ukuta wa mawe na chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka. Ukipigwa lipu ya saruji ya kiwandani, unyevu hufungiwa ndani, chumvi hukusanyika, na baada ya miaka michache lipu huanguka pamoja na ngozi ya ukuta. Basi mfasiri anapokutana na maelezo ya zamani yanayosema kwamba ukuta fulani “ulishikwa kwa saruji”, akayahamisha katika Kiingereza au katika Kiswahili cha leo bila maelezo, anampa mkandarasi ruhusa ya kuleta mifuko ya Wazo Hill. Chokaa na saruji ya kiwandani hata kukomaa kwake ni tofauti. Chokaa huwa ngumu kwa kuvuta tena kutoka hewani ile kabonidioksidi iliyofukuzwa tanuruni. Saruji huwa ngumu kwa kuungana na maji. Ya kwanza yahitaji hewa na muda mrefu, ya pili yahitaji maji na ulinzi.

Ninapendekeza, na nadhani wengi watakubali, kwamba saruji ibaki kuwa unga, na zege ibaki kuwa mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Ugumu uko katika kile cha kati, cha kushikamanishia.

Hapa sina budi kukiri. Katika kikao kimoja cha kusanifisha istilahi za ujenzi, mimi mwenyewe nilileta neno “kiunganishi”. Nililiandaa kwa juma moja. Lina mzizi wa Kibantu, linaeleweka, na linatoa wingi bila taabu. Mwalikwa wetu siku hiyo alikuwa fundi mwashi mzee, mtu aliyekwisha staafu, ambaye tangu asubuhi alikuwa kimya. Akauliza kwa adabu:

“Ndugu Ofisa, kiunganishi si ndiyo ‘na’, ‘lakini’, ‘kwa sababu’?”

Nikamwambia ndiyo, katika sarufi.

“Basi mimi mtoto wangu wa darasa la sita atanicheka. Sisi kazini tunasema udongo. Nikimwita msaidizi nasema: leta udongo.”

“Hata ukiwa wa saruji, Mzee?”

“Hata ukiwa wa saruji. Anajua.”

Tuliahirisha neno hilo, na kwa maoni yangu tulifanya vyema. Tangu siku hiyo nimesikiliza katika majengo kadhaa na kukuta kweli mafundi wengi husema hivyo. “Udongo” peke yake hautoshi katika maandishi, kwa sababu bado ziko nyumba nyingi mno zilizojengwa kwa matofali yaliyoshikwa na udongo mtupu, na tofauti baina ya ukuta huo na ukuta wa mchanganyiko wa saruji ni tofauti ya maisha. Tukiuongezea sifa, hata hivyo, tunapata udongo wa saruji, udongo wa chokaa na udongo mtupu: istilahi tatu ambazo mwashi hahitaji kufundishwa. Wapo wanaopendelea kuchukua neno la Kiingereza na kusema “mota”. Neno hilo tumekwisha lipa kazi ya injini, na kiwanja cha ujenzi kina mota zake tayari.

Nikija kwenye tofali, mswada unaingia katika shimo ambalo tumelichimba sote. Katika jedwali la sura ya sita imeandikwa kwamba ukuta wa mita mraba moja wahitaji matofali 60. Katika jedwali la sura ya nane, ukuta wa mita mraba moja wahitaji matofali 10. Majedwali yote mawili ni sahihi. La kwanza linahusu tofali dogo la kuchoma la kipimo cha Kiingereza, lililopangwa kwa unene wa tofali moja upande wake mwembamba. La pili linahusu lile kubwa la mchanga na saruji, lenye urefu wa kama milimita 450 na kimo cha kama milimita 225. Kiingereza kina majina mawili. Sisi tunasema tofali na tofali, na barabarani tunatofautisha kwa kusema “la kuchoma” na “la nchi sita”, ambapo nchi hiyo bila shaka ni inchi.

Mtumishi anayeandaa makisio ya darasa moja kwa kutumia jedwali lisilomhusu ataagiza mara sita ya mahitaji, au sehemu moja ya sita. Katika hali ya kwanza fedha ya umma inakwenda bure. Katika hali ya pili ujenzi unasimama ukuta ukiwa magotini, na mvua za masika hazingoji hati mpya. Majirani zetu wa Kenya husema bloki kwa lile kubwa, na sioni kwa nini tuone haya kuliazima. Ila sitaki neno tofali linyang'anywe maana yake pana, kwani hakuna mwananchi atakayeacha kuliita tofali la saruji tofali kwa sababu tu Baraza limechapisha orodha. Yatosha kwamba maandishi rasmi yasitumie kamwe neno tofali likiwa uchi: liwe tofali la kuchoma, tofali bichi, au bloki. Mfasiri wetu amekwisha onyesha kwamba njia hii yawezekana, maana mahali pengine ameandika “matofali ya kufungamana” kwa yale ya udongo na saruji yanayoshindiliwa kwa mashine na kuingiana bila kuhitaji udongo wa kati. Ni istilahi nzuri sana. Mtu akiisikia mara ya kwanza anauona ukuta.

Yale mengine ya msamiati wa zana na sehemu za ukuta nitayapitia upesi. Mswada unasema “kipima-wima” badala ya timazi, na “kipima-ulalo” badala ya pimamaji. Maneno haya mawili yapo tangu babu zetu, yamo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, na duka lolote la vifaa vya ujenzi litakuelewa ukiyataja. Kubuni neno jipya mahali palipo na la zamani linalofanya kazi ni sawa na kubomoa ukuta mzima ili upate mawe ya kujengea ukuta. Upangaji wa matofali, ambapo kila mstari hufunika viungo vya mstari wa chini yake, umeitwa “dhamana”. Nilisoma ukurasa ule mara tatu kabla ya kuelewa kwamba mfasiri alifungua kamusi, akakuta neno la Kiingereza ambalo katika benki ni hati ya mkopo, akalichukua lilivyo. Mafundi husema kupishanisha. Nomino yake ni mpishano, nayo inatosha. Kulimwagilia zege maji ili lisikauke upesi kumeitwa “kutibu zege”, kana kwamba lina homa, na mahali pengine “kukausha zege”, ambako ni kinyume kabisa cha agizo. Mimi ningesema kukomaza. Ndizi hukomaa, mtoto hukomaa, na zege nalo hupata nguvu kwa kadiri ya siku linazotunzwa.

Zaidi ya hayo yote, “boriti ya pete”. Hili ni lile zege lenye nondo linalozunguka kuta zote za nyumba kwa juu na kuzifunga pamoja. Mafundi wa Tanzania hulijumuisha katika neno lenta, ambalo pia ni jina la kizingiti cha juu ya mlango au dirisha. Mwalimu anahitaji kutofautisha: kizingiti hubeba mzigo ulio juu ya uwazi tu, ilhali lile linalozunguka huzuia kuta zisiachane. Ninashauri lenta ibaki kwa kizingiti, na mkanda utumike kwa kile kinachozunguka. Neno hili nalo limekwisha sikika kwa mafundi, na kila mtu anajua mkanda hufanya nini kiunoni.

Pengine msomaji ataona kwamba huku ni kuchambua mchele punje kwa punje. Naomba tukumbuke Bukoba, tarehe 10 Septemba 2016. Tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 liliangusha na kupasua nyumba nyingi za matofali mkoani Kagera, na watu walipoteza maisha. Uashi una nguvu kubwa sana ukibanwa na ni dhaifu sana ukivutwa. Ardhi inapotikisika huvuta kuta huku na huku, na ukuta usio na mkanda, ulioshikwa kwa udongo mtupu, hauna cha kuuzuia. Mtu aliyesoma “boriti ya pete” akadhani ni pambo, akalifuta ili kupunguza gharama, hakuwa mjinga. Jina lilimdanganya.

Suala hili la nguvu lanileta katika udhaifu ambao kwangu ni mkubwa kuliko wote, ingawa ni vigumu zaidi kuuona. Sura ya pili, inayoorodhesha faida za uashi, inatumia neno “imara” mara 23. Jiwe ni imara, tofali ni imara, ukuta ni imara, jengo ni imara, lipu ni imara. Asilia haikuwa hivyo. Ilizungumza juu ya sifa nne mbalimbali: ya kutokwaruzika, ya kubeba mzigo bila kuvunjika, ya kusimama bila kupinduka, na ya kudumu miaka mingi. Kiswahili kina maneno kwa zote: ugumu, nguvu, uthabiti, udumifu. Mfasiri ameyatupa yote katika kapu moja, na kwa kufanya hivyo ameondoa hoja yenyewe. Kwani ukuta mrefu na mwembamba uliojengwa kwa matofali magumu kabisa una nguvu lakini hauna uthabiti. Upepo mmoja wa nguvu kabla ya kuezekwa unatosha kuulaza. Tofali bichi halina ugumu wala nguvu nyingi, lakini likiwa na msingi wa mawe na paa lenye upenu mpana laweza kudumu kuliko mjenzi wake. Bila maneno manne mwalimu hawezi kuuliza swali la mtihani, na msimamizi hawezi kuandika kwa nini ameukataa ukuta.

Sifa nyingine zimetiwa chumvi kwa sababu hiyohiyo ya neno kutofikiriwa. “Nyumba ya uashi haiungui.” Kuta haziungui, paa, milango na dari huungua kama kwingineko, na kilicho kweli ni kwamba kuta hustahimili moto na kuuchelewesha usipite chumba cha pili. “Uashi huleta ubaridi mchana na joto usiku.” Naam, kwa sababu ukuta mnene hupokea joto polepole na kulitoa polepole. Kwa mtu wa Mbeya mwezi wa Julai hiyo ni rehema. Kwa mtu wa Tanga mwezi wa Februari, aliyelala kando ya ukuta uliokunywa jua kutwa nzima, ni adhabu, naye angefaidika zaidi na baraza, kivuli na madirisha makubwa kuliko unene. Na pale mswada unaposema tofali la kuchoma ni rahisi kwa kuwa udongo ni wa bure, hakuna neno juu ya kuni. Kila tanuri lina msitu nyuma yake.

Limesalia jina lenyewe. Mahali pengi mfasiri ameandika “ujenzi wa mawe” akikusudia uashi, kisha katika utangulizi akaomba radhi kwamba Kiswahili hakina neno linalojumuisha mawe na matofali. Lipo. Kuaka ni kujenga kwa mawe au matofali na kishikizo, na kutokana nalo tukapata mwashi na uashi, kwa kanuni ileile iliyotupa mwandishi kutokana na kuandika na mpishi kutokana na kupika. Kitenzi kimefifia katika vinywa vya wengi, watoto wake wawili wako hai, na vyuo vya ufundi nchini hufundisha somo hilo kwa jina hilo. Ningependa kitenzi nacho kirudi, angalau katika vitabu, maana “kujenga” ni pana mno: hujengwa nyumba ya miti, hujengwa hoja, hujengwa taifa.

Mswada umerudishwa kwa mwenyewe ukiwa na masahihisho 118. Jedwali la sura ya sita na la sura ya nane yameombwa yarekebishwe kabla ya jambo lingine lolote, pamoja na sentensi ile ya magunia. Kuhusu kishikizo, kikao hakijaamua baina ya udongo wa saruji na neno la kuazima; hadi kitakapoamua, mfasiri ameshauriwa aandike udongo wa saruji na aeleze maana yake mara moja katika ukurasa wa kwanza unaolitaja.